Mke wa Serikali, Mume wa Kampuni

Irma Kocet alijua kwamba ameingizwa kwenye kesi ya kimataifa siku alipokwenda dukani kununua hamira. Mwenye duka, ambaye husoma magazeti yote kwanza ndipo ayauze, alimtazama kwa heshima ambayo Irma hakuwahi kuiona kwake, akamwambia, "Kumbe shangazi wewe ndiye Kielelezo namba mia na kumi na nne."

Picha ilikuwa ukurasa wa tano. Irma kafunga kitambaa kichwani, kinywa wazi, mkono wa kulia umeinua mwiko mrefu wa kukaangia mbegu kama mtu anayetaka kumshukia mwenzake kichwani. Chini yake gazeti lilieleza kwamba kampuni ya gesi iliyokuwa imeshitaki serikali yetu mbele ya baraza la usuluhishi ilikuwa imeiwasilisha picha hiyo kuthibitisha kwamba wakubwa wa nchi waliusikiliza "umma wenye jazba" wakaacha kuisikiliza sayansi.

Irma alinunua hamira yake, akanunua na gazeti, akarudi nyumbani kwa baiskeli. Alinipitia kwanza mimi, kwa sababu nyumba zetu zinatazamana na kwa sababu mimi ni katibu wa zimamoto ya kujitolea ya Mali Jezerci, cheo ambacho hapa kijijini kinamaanisha kwamba wewe ndiye unayesoma barua za watu. Alitaka kujua jazba ni kitu gani. Nikamweleza. Akasema, "Basi wangekuja wakanikuta siku kinu kimeharibika, ndiyo wangeiona."

Alikuwa na miaka sitini na sita wakati huo. Kinu cha kukamulia mbegu za maboga alikirithi kwa mama yake, na tangu upande huu wa mto Mura hadi mpakani watu walimletea mbegu zao yeye. Kwetu ukisema mafuta bila kuongeza neno, watu wanaelewa hayo: meusi yenye kijani, ya kumwagia kachumbari ya maharage. Yale mengine yaliyo chini ya mashamba, pamoja na gesi yake, tuliyaita mafuta ya Geza.

Geza ndiye mumewe. Miaka thelathini na moja alifungua na kufunga valvu za visima vya shirika la umma, na visima hivyo alivijua kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake, kipi kina hasira asubuhi, kipi kinakohoa wakati wa baridi. Shirika likadhoofika, visima vikafungwa kimoja kimoja, Geza akastaafu. Ndipo ikaja kampuni ya wageni yenye kibali cha kutafuta gesi chini zaidi, katika mwamba mgumu usioachia kitu mpaka uupasue kwa maji ya shinikizo yaliyochanganywa na mchanga na dawa. Kampuni ilijenga uzio, ikaweka geti, ikamwajiri Geza kulinda geti. Ikampa na koti lenye nembo, kubwa kiasi kwamba alipokaa, mabega ya koti yalibaki yamesimama.

Mkutano wenyewe ulifanyika kwetu, ukumbi wa zimamoto. Mtu wa kampuni alionyesha picha za mwamba zenye rangi nzuri. Irma alikuja ametoka moja kwa moja kwenye kikaango, mbegu zikiwa zimefika nusu, mwiko mkononi, maana alipanga kuuliza swali moja arudi. Swali lilikuwa hili: maji ya kisima changu yakibadilika, nani atajua kwamba ni nyinyi? Yule bwana akasema swali limepokelewa. Irma akauliza tena. Likapokelewa tena. Mara ya tatu akauinua mwiko, ili aonekane vizuri, na mpiga picha wa gazeti akapata riziki yake.

Baadaye ofisi ya mazingira iliiambia kampuni ifanye kwanza uchunguzi kamili wa madhara, kisha irudi. Kampuni haikufanya uchunguzi. Ikaenda kushitaki. Miaka ikapita, kisha bunge likapiga marufuku kabisa upasuaji wa mwamba wa namna ile. Kwa hiyo mwiko wa serikali ulichelewa sana kuliko mwiko wa Irma, lakini mawakili waliiunganisha ikawa kitu kimoja.

Sikuwa najua, na sidhani kama kuna mtu kijijini aliyejua, kwamba upo mkataba unaompa mwekezaji wa nje ruhusa ya kuiruka mahakama ya Ljubljana, mji wetu mkuu, akaipeleka serikali mbele ya watu watatu. Mmoja anamchagua yeye, mwingine serikali, na wa tatu wanakubaliana. Watu hao hukaa katika ukumbi wa kukodi, kwenye jiji lisilo na gesi wala maboga. Na kampuni haikudai tu ilichotumia. Ilidai faida ambayo ingeipata kwa miaka ishirini na mitano, kama gesi ingekuwepo kwa wingi uliokisiwa, kama ingekubali kutoka, na kama bei isingeshuka. Hapa kwetu mvua ya mawe hupiga maboga mwaka mmoja kati ya mitatu, na hatujawahi kumpata wa kumdai maboga ambayo yangeota.

Kijiji kikaniambia niandike barua. Niliandika nzuri, kurasa mbili, nikaomba tusikilizwe. Baada ya miezi mitatu jibu likaja, mistari miwili: wahusika wa mgogoro ni mwekezaji na serikali, na kijiji si mhusika. Picha ya Irma iliruhusiwa kuingia. Irma mwenyewe akabaki nje.

Hadi serikali ilipomhitaji. Alikuja wakili wa serikali, kijana wa viatu vya ngozi laini, ambaye alivuka ua wa Irma kwa kurukaruka kama korongo, akikwepa matope. Alitaka Irma atoe maelezo kuonyesha kwamba yeye ni mtu mtulivu. Alikuja na maelezo hayo tayari yameandikwa. Irma alinipa nimsomee. Mstari wa kwanza ulisema: "Nilishiriki katika mkutano huo kwa moyo wa kiraia."

"Mimi sikushiriki," Irma akasema. "Nilikwenda."

Wakili akafuta, akaandika nilikwenda. Kisha akamwomba asitaje maji sana, kwa sababu hoja ya serikali ilikuwa juu ya tarehe na taratibu. Irma akamuuliza, kama hakuna haja ya maji, yeye anaitwa kwenda kufanya nini. Kijana akasema, kwa adabu, kwamba anaitwa kwenda kuwa mtulivu.

Alipokuwa akifunga mkoba akatoa karatasi ya orodha ya mashahidi, Irma athibitishe tahajia ya jina lake. Jina lake lilikuwa safi. Lakini upande wa pili wa karatasi, chini ya mashahidi wa kampuni, kulikuwa na Kocet mwingine. Geza.

Nilikuwepo, na natamani nisingekuwepo. Wakili alishaondoka. Geza aliingia kutoka getini, akavua lile koti, akakaa. Irma alimwekea supu mbele, akaweka na karatasi kando ya supu. Geza akaisoma, akachukua kijiko. Alikuwa ametia saini miezi minne nyuma, bila kumwambia mtu.

"Walinifuata getini," alisema. "Waliniuliza habari za visima. Miaka thelathini na moja, Irma, sijawahi kuulizwa na mtu."

"Mimi nilikuwa nakuuliza."

"Ulikuwa unaniuliza kama nitachelewa kula."

Irma alichukua mkate, akaukata vipande vingi kuliko walaji. Nikaaga.

Wiki iliyofuata kila mmoja akapata barua kutoka kwa mawakili wa upande wake, zikifanana kama pacha. Shahidi haruhusiwi kuzungumza juu ya kesi na shahidi mwingine mpaka wote wawili wamalize kuhojiwa. Sidhani kama yule aliyeandika amri hiyo alijua kwamba mashahidi hawa wanalala kitanda kimoja kwa miaka arobaini na moja. Au alijua, na kwake haikuwa kitu.

Waliitii. Waliitii kwa ukali wa watu waliokasirikiana, kwa wiki sita. Maana ukiambiwa usizungumzie gesi, wala visima, wala maji, wala serikali, wala kampuni, wala ule mkutano, hapa kwetu unabakiwa na hali ya hewa, na mwaka ule hali ya hewa haikuwa na jambo. Siku moja Irma alikuja kwangu amevaa aproni, akasimama mlangoni.

"Jirani, mwambie Geza kile kitu cha jikoni kimeisha."

"Kitu gani?"

"Kile cha kwenye mtungi. Siwezi kukitaja."

Walikuwa wamekula vitu baridi siku mbili, mtungi mpya ukiwa umesimama kibandani, hatua kumi kutoka mlangoni. Nilipompelekea Geza ujumbe, alisema yeye alishahisi, lakini aliona si vizuri kuligusa jambo hilo karibu na kusikilizwa. Nikaubeba mtungi mwenyewe. Wakanishukuru wote wawili, kila mmoja peke yake.

Mashahidi walihojiwa kwa njia ya skrini, na kwa kuwa intaneti nzuri ya Mali Jezerci iko ukumbi wa zimamoto tu, niliombwa nifungue mlango, niwashe hita, nikae kimya. Mwanasheria mmoja wa Lendava, mji wa jirani, aliletwa kuhakikisha hakuna anayempenyezea shahidi karatasi. Alikagua chini ya meza, akakagua nyuma ya bango la mipira ya maji ya kuzimia moto, akakagua ndani ya kofia ya zimamoto ya marehemu baba yangu. Kwenye skrini walionekana wasuluhishi watatu. Wawili walikuwa wazee na mmoja mzee zaidi. Huyo mzee zaidi alikuwa na sahani ya biskuti.

Geza alihojiwa siku ya kwanza. Alivaa suti ya harusi ya binti yao. Wakili wa kampuni, mama mmoja wa London mwenye sauti ya kubembeleza, alimwongoza kwa mkalimani kwenye maelezo yake: gesi imechimbwa hapa tangu yeye hajaanza shule, watu wamefanya kazi na kulea watoto, na hakumbuki mtu aliyekufa kwa maji. Geza alithibitisha yote. Ilikuwa kweli yote. Nilimwona akijinyoosha kwenye kiti kila alipoitwa "mtaalamu wetu wa muda mrefu".

Kisha akaja yule kijana wa viatu laini, naye akataka kuonyesha kwamba Geza si mtaalamu. Nadhani alitaka kumdharaulisha tu. Akamuuliza kama katika miaka yake yote alipata kuona jambo ambalo hakulielewa.

Geza alilegeza tai, akasogea karibu na skrini.

"Kisima namba kumi na saba," akasema. "Mwaka themanini na saba. Tulikuwa tunakiziba. Tulimwaga saruji siku tatu, usiku na mchana, kisima hakikujaa. Siku ya nne mkurugenzi akasema andikeni kimejaa. Tukaandika."

"Saruji ilikwenda wapi?"

"Hilo ndilo sikulielewa."

Yule mzee zaidi aliweka biskuti chini. Kijana alikuwa amepewa zawadi ambayo hakuiomba, na ilionekana hajui aishike wapi; akasema hana swali zaidi. Mama wa London akaomba nafasi ya kumrudia shahidi wake. Akasema, kwa ile sauti ya kubembeleza, kwamba bila shaka hayo ni mambo ya zamani na teknolojia imebadilika sana.

"Imebadilika," Geza akasema. "Mwamba ndio ule ule."

Usiku ule, kwa kuwa Irma alikuwa bado hajahojiwa, hawakusema neno. Asubuhi yake ilikuwa zamu ya Irma. Mama wa London alionekana hakulala vizuri. Aliiweka ile picha kwenye skrini, akauliza kama mwanamke huyo ni yeye. Irma akasema ni yeye, ila siku hizi amepungua. Akaulizwa kama mwiko ule ulikuwa silaha.

"Ulikuwa na mbegu."

Akaulizwa kama ana elimu ya miamba. Hana. Ya kemia? Hana. Amewahi kusoma ripoti yoyote ya kitaalamu kuhusu upasuaji wa mwamba? Hapana. Mama wa London akavua miwani.

"Kwa hiyo, mama Kocet, ulikuwa unapinga kitu usichokijua."

"Ndiyo. Ndiyo maana tuliomba kipimwe."

Mkalimani alitafsiri. Mama wa London akasubiri, nadhani akidhani kuna sentensi nyingine inakuja. Wakili wa serikali alimtazama kama mtu anayemwomba mwenzake asiharibu, na Irma, kwa kumhurumia, akaongeza kwamba yeye ni mtu mtulivu.

Irma alipotoka nje, Geza alikuwa amesimama na baiskeli zote mbili. Mwanasheria wa Lendava alishawaambia kwamba sasa wako huru kuzungumza. Walisimama pale mbele ya gari la zimamoto kama vijana wasiojua nani aanze.

"Wamekuuliza nini?" Geza akasema.

"Mwiko. Wewe?"

"Saruji."

"Saruji gani?"

Akamweleza. Nilikuwa nazima hita na mlango ulikuwa wazi, sikujaribu kutosikia. Alimweleza kuhusu zile siku tatu, na saini aliyoiweka ya nne baada ya saini za wenzake watatu, na jinsi alivyorudi nyumbani akashindwa kula kwa wiki nzima akifikiria kitu kinachomeza saruji kiasi kile bila kusema asante. Irma alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ile wiki hukula ilikuwa saruji?"

"Ilikuwa saruji."

"Geza, mimi nilidhani una mwanamke Lendava. Miaka yote hii nimekuwekea kinyongo hicho."

Geza alisema, kwa unyonge, kwamba Lendava alikuwa anakwenda kuchukua saruji.

Wiki iliyofuata kampuni ilimshukuru Geza kwa barua na kumwomba arudishe koti. Alilirudisha limefuliwa. Geti likabaki bila mlinzi na hakuna aliyeliiba.

Hukumu ilichukua miaka miwili na nusu. Ilikuwa na kurasa mia tatu na kitu, nami nilizisoma zote, kwa sababu wakati wa baridi moto huwaka mara chache. Baraza lilisema serikali ilikuwa na haki ya kudai uchunguzi. Lilisema pia kwamba waziri mmoja alizungumza ovyo kwenye mkutano wa kampeni, na maneno yake yaliuvunja mkataba kidogo. Kwa kile kidogo serikali ikaamriwa ilipe kipande cha kilichodaiwa, kipande kidogo kuliko walichokula mawakili wa pande zote mbili. Ljubljana wakasema wameshinda. Kampuni nayo ikasema imeshinda, ingawa kufikia hapo ilikuwa imekwisha kuiuza kesi yenyewe kwa watu wengine, maana wapo watu ambao kazi yao ni kununua kesi, kama sisi tunavyonunua nguruwe wa kunenepesha. Marufuku ya bunge ilibaki palepale. Irma alitajwa mara moja, aya ya mia mbili na sita, kama "mkazi mmoja wa kike". Saruji ya kisima cha kumi na saba ilitajwa katika tanbihi, na tanbihi ikasema jambo hilo halihitaji kuamuliwa.

Hiyo tanbihi ndiyo iliyomuuma Geza. Kushindwa kwa kampuni au serikali hakukumuuma hata kidogo. Alinijia na tanbihi imezungushiwa kalamu nyekundu, akaniuliza kama maana yake ni kwamba hawakumwamini. Nikamwambia hapana, maana yake waliamini lakini hawakuwa na mahali pa kuliweka. Akasema hiyo ni mbaya zaidi.

Akanunua madaftari ya shule, yale yenye mistari mipana. Majira yote ya baridi alikaa ndani ya kinu cha mkewe, pembeni ya kikaango kwa sababu ya joto, akaandika kila kisima alichokijua: kina, tabia, walichokimwagia, walichokiandika, na tofauti kati ya hivyo viwili. Irma alikaanga na kuuliza. Sasa aliuliza kwelikweli, na Geza alikuwa akikasirika kwa maswali yake, kwa sababu mengi yalimlazimu afute. Visima arobaini na viwili, madaftari saba. Nilimpigia chapa, tukapeleka nakala kwa wakubwa wa madini. Wakajibu kwamba hawawezi kupokea nyaraka zisizo na mhuri wa taasisi. Nilizipiga mhuri wa zimamoto. Zikapokelewa.

Mwaka jana walikuja wanajiolojia wawili wasichana, wanatafuta maji ya moto ya chini kwa ajili ya kupasha shule na hospitali joto. Walikuwa na nakala ya madaftari, imechakaa pembeni. Walimwomba Geza awapeleke kwenye visima, naye akasema kwanza wale chakula. Irma aliwawekea maharage na mafuta yake na gibanica ya jana, ile keki yetu ya tabaka, akawauliza kama kwa hilo la maji ya moto kuna uchunguzi uliofanyika. Mmoja akasema upo, akaanza kuutoa kwenye mkoba. Irma akaifuta mikono, akavaa miwani, akakaa kuusoma, na wale wasichana wakala wakimtazama.